Pua ya Kupima Hewa Uani Kwangu

Nilifika darasa la tatu, na hata hilo nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi, kwa hivyo nikikosea mambo ya mashine unisamehe. Mimi ni mchinjaji hapa Gachoka. Aliyesoma ni binti yangu. Amepewa jina la marehemu mama yangu, kama ilivyo desturi yetu Wambeere, na mimi humwita mama. Watu wakisikia mzee mwenye mvi akimwambia msichana, "Mama, kunywa chai," hucheka. Wacheke.

Kazi yake ni kupima hewa. Ofisi yao iko Embu mjini. Siku moja alikuja na kisanduku cheupe, akakifunga kwenye nguzo uani kwangu. Ndani kuna kitu wanakiita kihisi, kina dawa ya majimaji, na hewa yenye salfa ikiigusa hiyo dawa, umeme kidogo sana unatokea. Salfa ni kile kitu kinachonuka ukiwasha kiberiti.

"Hata ikiwa kidogo mtu hawezi kuinusa, hii inaisikia," akasema. Walitaka mahali mbali na viwanda, wapate hewa ya kulinganisha na ya mjini.

"Basi ni pua."

"Ni pua, baba. Nayo inaniambia kwa simu mpaka kule Embu."

Jirani yangu anayeuza ndengu akachungulia juu ya ua. "Mzee, umefungiwa kamera? Sasa tutajua ni nani hula figo kabla ya wateja!" Mdomo wa huyo jirani, wacha tu. Lakini ndengu zake hazina mawe, hilo nalisema wazi.

Sasa, mimi nilikuwa nababua vichwa na kwato za mbuzi hapo hapo uani, na kwa vile kuni ni shida huku, natia vipande vya tairi. Nikaona si vizuri moshi uchafue kitu cha mama. Kila nikiwasha moto nakivisha kile kisanduku kipande cha turubai, nakaza na kamba, kama tunavyofunika nyama nzi wasiikalie.

Mama akaja mbio. Kila siku ya soko, pua ilikuwa inalala ghafla, halafu inaamka ikilia salfa, kumbe ni ya moshi wa tairi. Alipoliona turubai alicheka mpaka akakaa juu ya gogo la kukatia nyama. Siku hiyo alikula maini niliyomkaangia, akanipa habari za nyumba yake, akalala kwenye kitanda chake cha usichana. Tangu tumzike mama yake mzazi, alikuwa akija Krismasi tu, na anaondoka kabla chungu hakijapoa.

Asubuhi akawa mtu wa ofisi. "Baba, ama uhamishe moto, ama kisanduku kihame. Wakubwa wanataka kipelekwe Kianjai."

Kianjai! Mbali huko Meru! Kisanduku kikienda, yeye ataletwa hapa na nini? "Nitauhamisha," nikasema hata hajamaliza.

Sasa nababulia kule bondeni, ambako upepo haurudi nyumbani. Tairi nimeacha, kuni nanunua, na magoti yananisema kila nikipanda na karai la vichwa. Kisanduku kimetulia kabisa. Hilo ndilo sikuwa nimelifikiria: kitu kisicho na shida hakitembelewi. Mama anaijua hewa yangu ya asubuhi na ya jioni akiwa ameketi Embu. Akipiga simu ni sifa tu. "Baba, hewa yako ni safi sana, wakubwa wamefurahi."

"Utakuja lini, mama?"

"Lakini haina shida yoyote, baba."

Jirani alinisikia. "Si uwashe katairi kamoja tu? Kesho utamwona amefika!"

"Na keshokutwa kisanduku kiko Kianjai," nikamjibu. Akarudi kuchagua ndengu zake.

Juzi nikamuuliza mama kama ile dawa ya ndani haiishi. Akasema huishiwa nguvu polepole, zaidi mahali penye joto kama huku, na hapo lazima aje mwenyewe kukibadilisha kile kihisi. Lini? Bado sana, akasema.

Kanisani tunaombea mvua, nami naomba na wenzangu, mbuzi wamekonda. Lakini tukitoka nje na lile jua letu likinipiga utosini, siku hizi silitukani.