Mikono Iliyonikanda Nakivale

Usiniambie ilikuwa homa ya uzazi. Nilipimwa asubuhi ileile, na akili yangu ilikuwa timamu kuliko yako wewe unayejiandaa kucheka.

Mimi ni mchoraji, mkimbizi katika kambi ya Nakivale. Nachora kina mama kwenye vitambaa, navipeleka kuuza Mbarara, na wote nawachora kwa mgongo. Wateja wa huko, mtaa wa Nyamityobora, huniuliza kwa nini hawana sura. Niwajibu nini? Mama yangu alifariki Kivu Kusini nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hakuacha hata picha moja. Ninachokumbuka ni mgongo wake tu. Sura yake nimeitafuta kwa rangi miaka yote.

Nilijifungua mume wangu akiwa Endiinzi, anachunga ng'ombe wa watu. Kwetu, mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto na mama yake, kisha hufungwa kitenge. Mimi ningekandwa na nani? Siku ya tatu, saa sita mchana, nililia kwa upweke mpaka mtoto akanyamaza kunisikiliza.

Hapo akaingia mwanamke na beseni la maji yanayofuka, mvuke ukimficha uso. Nikadhani ni mmoja wa kina mama wa kanisa. Kwa aibu ya kufunuliwa mwili mbele ya mgeni, nikajifunika uso kwa kitenge.

Niamini, maji yale yalichoma! Nikapiga kelele.

"Jikaze, mwana wangu," akasema. "Hivi njo mama yangu alinikandaka wakati nilikuzala."

Hilo la kunizaa nikalichukulia kama maneno ya wazee. Mama gani wa Kikongo asiyekuita mwanawe? Akanifunga tumbo, akakaza fundo mgongoni, akamnong'oneza mtoto kitu, akatoka.

Nilipofunua uso, jiko lilikuwa baridi na maji ya dumu hayakupungua. Tumbo langu lilikuwa bado la moto. Jioni wakaja kina mama wa kanisa.

"Utusamehe, dada, tumekawia kukuya kukukanda," wakasema.

Siku hizi michoro yangu ina mikono, maana hiyo naijua kwa ngozi yangu. Binti yangu huniuliza, "Mama, koko alikuwa na sura gani?" Bibi yake huyo namjibu kwamba simjui sura, na inaniuma.

Basi nisikilize. Akija mtu usiyemjua kukuhudumia, imeza aibu yako, mtazame usoni. Mama yangu aliinama juu yangu mchana kweupe, nami nilikuwa nimejifunika uso.