Firigisi ya Mzee Wanjala

Ninaikumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo niliamka kabla ya majogoo kwa furaha tupu. Nilikuwa mke mpya mtaani Ziwani, Nairobi, mwaka haujaisha tangu Barasa anioe, na siku hiyo tulikuwa tukingoja wageni. Si wageni wa kunywa chai na kwenda zao. Hawa walikuwa wa kulala, kuamka, kula na kulipa.

Umeniambia unafungua nyumba ya wageni huko Kimilili, vyumba vinne na kiamsha kinywa mezani. Nimefurahi hadi nimesimama kwenye kiti, mimi na magoti yangu haya! Mapazia umeshona, magodoro umenunua. Sasa keti nikupe kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Mama mkwe wangu, Mama Barasa, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu pale Ziwani. Chumba kimoja tulibanana sisi wa nyumbani, viwili vilikuwa vya wageni. Waliolala kwetu walikuwa wachuuzi kutoka mashambani waliokuja kununua mitumba Gikomba, watu wasiotaka kelele za lojing za mjini. Lakini wageni walikuwa wamepungua, na vitanda vikakaa vimetandikwa bila wa kuvilalia. Mama alikuwa ametuambia waziwazi kwamba akikosa wateja wa kudumu atafunga, arudi kwa kaka yake akalime. Mjane yule alikuwa ameisimamisha nyumba hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Kila nilipomwona akipanguza meza ambayo haikuwa na vumbi, nilimhurumia.

Basi tukaletewa habari kwamba Mzee Wanjala anakuja. Mzee huyu alikuwa kiongozi wa wachuuzi wanane wa Kimilili waliokuja Nairobi kila baada ya majuma mawili. Angekuja kwanza na wenzake wawili kutazama. Akipendezwa, wote wanane wangelala kwetu mwaka mzima. Asipopendezwa, Mama afungashe.

Ndiyo maana niliamka mapema hivyo. Mimi nililelewa Majengo, mtaa wa Waswahili wa Nairobi, mwanangu, ingawa wazazi wangu walitoka Machakos, na Majengo hutoki bila kujua kuumua mahamri. Usiku nilikuwa nimekanda unga kwa tui zito la nazi, sukari, hamira na iliki niliyoitwanga mwenyewe. Usinunue iliki iliyosagwa, hiyo ni vumbi lenye jina. Kanda mpaka donge liache kushika vidole, lifunike kwa kitambaa, ulale. Asubuhi lisukume, ulikate pembetatu, na mafuta yawe moto vizuri ndipo utie mahamri. Likivimba unalimwagia mafuta juu kwa mwiko, nalo linajaa hewa, unaona raha mwenyewe. Nilipika na mbaazi za nazi. Mama akakoroga uji wa wimbi na kuchemsha nduma, kwa sababu, alisema, "Kuna wazee ambao tumbo lao haliamki bila uji."

Wageni walifika asubuhi na basi lililosafiri usiku kucha. Mzee Wanjala alikuwa mrefu, kofia kichwani, na kwapani alikuwa amekumbatia jogoo mwekundu mzimamzima. "Mama Barasa," akasema, "sikuweza kuja kwako mikono mitupu." Mama alimpokea jogoo yule kwa mikono miwili, macho yakimeremeta.

Mahamri yaliisha! Mzee alikula sita, nilihesabu. Kisha Barasa akawachukua kwenda Embakasi kuona ndege, maana hakuna mgeni wetu aliyerudi kwao bila kusimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege na kutazama ndege ikipaa. Mimi nikabaki na jogoo.

Mama alinifundisha kumbanika juu ya moto baada ya kumnyonyoa, ngozi ipate harufu ya moshi, kisha kumkata kwa kufuata viungo. "Huyu hakatwi ovyo," akaniambia. "Kila kipande kina mwenyewe." Firigisi niliipasua, nikavua ile ngozi ya njano ya ndani, nikaiosha. Mama akanionyesha kwa kidole. "Hii tunaiita imondo. Ni ya mgeni mkubwa. Akiikosa, ni kama umemwambia hukumwona alipoingia. Na sisi wanawake hatuigusi. Mimi nimezeeka sijaionja."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Lakini moyoni nilicheka. Kwetu Majengo firigisi ilikuwa ya yeyote aliyewahi.

Mama akaenda kununua unga wa wimbi wa kusongea ugali. Nikakaanga vitunguu na nyanya, nikatia kuku, chumvi na maji, makaa yakapungua, harufu ikajaa ua mzima. Nikafunua nionje chumvi. Mchuzi ulikuwa mtamu, mwanangu, mtamu wa kukusahaulisha jina lako. Na firigisi ndiyo iliyokuwa juu kabisa. Nikaing'ata kidogo upande. Upande ule ukaonekana umeng'atwa, nikaona niusawazishe. Nikasawazisha mpaka ikaisha.

Nikafunika sufuria. Nilisema, kipande kimoja katika jogoo mzima, nani ataulizia?

Walirudi adhuhuri, Barasa mbele. "Mathe, wazee wamebamba vibaya sana!" akamwambia mama yake kwa lugha ya mtaani, yaani wamefurahi kupita kiasi. Mzee Wanjala aliingia akionyesha kwa mikono. "Chuma kile! Kina watu, kina masanduku, na kinaondoka chini! Nimevua kofia bila kujua." Tulicheka wote. Mama alinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na mimi nikajua tumewapata.

Tukawanawisha wageni, nikaweka ugali wa wimbi na bakuli la kuku mbele ya Mzee. Akamega ugali. Akageuza kipande, akageuza kingine. Akatafuta chini ya mchuzi polepole, mpaka ukingoni. Kisha akarudisha tonge mezani na kunyoosha mkono apewe maji anawe. Alikuwa hajala hata kidogo.

Wenzake nao wakaacha kula. Barasa akaangalia miguu yake.

"Jogoo wangu," Mzee akauliza kwa upole, "hakuwa na firigisi?"

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. "Ilichukuliwa na paka, Mzee. Paka wa jirani."

"Paka," Mzee akarudia.

Hapo Mama, aliyekuwa amesimama na birika la maji, akaliweka chini. "Usimsumbue mtoto, Mzee. Hakuna paka. Ni mimi niliyeila."

Ungekuwepo! Mwanamke wa umri ule, mlezi wa akina mama kanisani, akisema mbele ya wazee wa kwao kwamba ameiba firigisi ya mgeni. Alipoondoka nilimfuata jikoni. Nikamnong'oneza, "Mama, kwa nini?"

"Jina lako bado ni bichi," akasema. "Langu limekomaa, litavumilia. Mimi nitafunga nyumba nirudi shamba. Wewe unabaki na watu hawa wa ukoo wetu maisha yako yote." Kisha akanitazama hasa. "Lakini paka, Mwende? Paka anayefunika sufuria?"

Aibu ilinichoma. Kula sikukuonea aibu bado, nikwambie kweli. Nilionea aibu kwamba mama huyu alikuwa ananunua jina langu kwa lake. Nikarudi chumba cha wageni, nikapiga magoti, machozi yakinitoka hovyo. "Mzee, ni mimi. Niliambiwa nisiile, nikaila. Na paka nimemsingizia. Mama hajawahi kuionja tangu azaliwe."

Mabega ya Mzee Wanjala yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! "Nilijua, binti yangu. Midomo ya mama yako ni mikavu tangu asubuhi. Wewe kidevu kinang'aa."

Nikajifuta haraka kwa leso, wote wakacheka. Lakini yeye akaacha kucheka, akanielekezea kidole.

"Sasa nisikilize. Firigisi ni nyama. Ungenipokea pale mlangoni ukaniambia, 'Mzee, imeniponyoka, nisamehe,' ningekutania na tungekula. Lakini mimi nikilala hapa, kesho nitaiacha mizigo yangu chumbani, na kofia yangu, na vya watu walionituma, niende Gikomba mikono mitupu. Siku kitu kikipotea, utaniambia ni paka?"

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea, na yangu ilikuwa imeishia hapo kwenye meza. Nikasema tu, "Sitasema hivyo tena, Mzee."

"Inuka," akasema. "Nyumba ambayo mama anajitwika kosa la mkamwana, na mkamwana anarudi kulichukua kosa lake, humo naweza kulala. Tutakuja wote wanane." Akanawa tena, akavuta bakuli. "Ila kuna jambo moja. Mama Barasa amesema mbele ya mashahidi kwamba ameila firigisi. Mwanamke mwenye heshima hawezi kuachwa kuwa mwongo. Safari ijayo naleta majogoo wawili, na firigisi ya wa pili ni yake, aile hapa mbele yangu, ili neno lake liwe kweli."

Mama alipiga kelele, "Mzee Wanjala, ni mwiko!" Lakini alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikamkumbatia bila kuomba ruhusa.

Baada ya majuma mawili walikuja wanane, na majogoo wawili. Nilipika, sikuonja hata chumvi. Barasa ndiye aliyeonja. Nikamwekea Mzee yake, nikamwekea Mama yake. Aliitazama kwa muda mrefu, akafumba macho, akaitia kinywani. Tulingoja. Akatafuna, akatafuna tena, akafumbua macho.

"Kumbe ni hii tu?" akasema. "Miaka yote hii!"

Mzee Wanjala alicheka mpaka kofia ikaanguka. Walilala kwetu mwaka huo, na mingine mingi iliyofuata, na Mama hakurudi shamba mpaka aliporudi kwa kupenda mwenyewe.

Basi mwanangu, watu wa kale walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nakubali, ila mwenyeji asipone kwa uongo. Uji utaungua. Mahamri yatakataa kuvimba siku ambayo nyumba imejaa. Shuka itararuka, na firigisi, ukiwa mwanangu kweli, utaila. Nenda umwambie mgeni wako kabla hajatia mkono bakulini, kwa kinywa chako, bila paka. Mgeni akishalala kwako, kitu cha kwanza anachokilalia ni neno lako, godoro linafuata. Na akitokea mtu wa kulibeba kosa lako, usimwache alifikishe mbali.

Mungu akujazie vyumba hivyo vinne. Awalete wanaobisha hodi kwa furaha na kuaga kwa kusitasita. Donge lako liumuke, kuni zako zishike, na siku nitakapokuja kulala kwako, nipate chumba kinachotazama jua. Jogoo nitakuja naye mwenyewe. Firigisi yake tutagawana.