Sarafu Ndani ya Mto wa Mzee Xing

Xing Caiping alikuwa muuza supu ya pilipili manga katika mji mdogo karibu na Luoyang, na watu walisema ulimi wake ni mkali kuliko supu yenyewe. Ukali huo aliupata utotoni. Baba yake alikuwa mchimba visima, na katika nchi ile ukichimba shimo la kupandia mti waweza kuangukia kaburi la mkubwa wa zama za kale. Mchimba visima hakosi kusemwa kwamba huiba makaburini. Siku moja polisi walimchukua Mzee Xing, wakamhoji, wakamwachia. Tangu hapo watoto wa shule walimwita Caiping binti wa panya wa makaburini, naye akawa harudi nyumbani ila nguo zimechanika.

Mzee mwenyewe hakujibizana na mtu. "Kaburini hakuna maji," alikuwa akisema, "na mimi natafuta maji." Jibu hilo halikumtosha mwanawe wa kiume, Chunlai. Alipoota ndevu alikwenda zake Guangzhou, mbali kusini, kufanya kazi kiwandani, akawa haonekani nyumbani ila kwenye misiba.

Mzee Xing alifariki wakati wa baridi, miaka mingi baada ya mkewe. Jua liliporudi, Caiping aliufumua mto wa kulalia wa marehemu ili aoshe foronya na kuanika yale makapi ya nafaka yaliyojazwa ndani. Kikaanguka kifurushi cha kitambaa chekundu. Alikifungua akakuta sarafu za shaba, nene, zenye tundu la mraba katikati. Sarafu za kale hazikuwa ngeni kwake, lakini hizi zilimshinda. Hazikuwa na jina la mfalme yeyote. Upande mmoja palichorwa joka na ndege, upande wa pili maandishi yaliyojipinda kama mizizi, asiweze kusoma hata neno moja.

Alikaa kwenye kitanda cha marehemu. Kwa hiyo walisema kweli? Meno yote aliyowang'oa watoto wenzake akimtetea baba yake, alikuwa akitetea uongo?

Alimpigia simu kaka yake, akamweleza alichokikuta.

"Zitupe mtoni," Chunlai alisema.

"Kaka, hutaki hata kujua ni nini?"

"Nilipokuwa kijana sikutaka kujua. Leo ndiyo nitake?"

Caiping hakuzitupa. Asubuhi iliyofuata, wateja walipopungua, alimwonyesha moja Bwana Mei, mchuuzi wa vitu vya kale aliyekuwa akipita vijijini na kunywa supu kwake. Mei aliigeuza sarafu, akatazama kushoto na kulia, akateremsha sauti.

"Dada, hii imelala ardhini muda mrefu. Unazo nyingine?"

"Na kama ninazo?"

"Nitakupa yuani mia mbili kwa zote. Mimi sikuulizi zimetoka wapi. Ukizipeleka Luoyang mjini watakuuliza, na swali la kwanza litakuwa baba yako alifanya kazi gani."

"Supu imepoa, Bwana Mei. Kunywa uende."

Alimfukuza, lakini maneno yalibaki kifuani kama mwiba wa samaki. Usingizi ukampaa. Akifikiri kuziuza, anaona haya. Akifikiri kuzitupa, anaona kama anamzika baba yake mara ya pili, safari hii pamoja na jina lake. Mwishowe alijiambia kwamba aibu unayoijua ina mwisho, ile unayoidhania haina. Jumamosi alifunga genge, akapanda basi hadi Luoyang mjini, kwa Mama Qu, mstaafu wa makumbusho aliyekuwa akikagua vitu vya watu bure pembeni mwa soko la vitu vya kale.

"Mwalimu, kabla hujatazama," Caiping alisema, "kama ni za kaburini niambie wazi. Nitazipeleka serikalini mwenyewe."

Mama Qu alivaa miwani, akazipanga juu ya meza. Alitazama kwanza, kisha akazipapasa kwa kidole gumba, na polepole akaanza kutabasamu.

"Nani kakutia hofu hii, binti yangu? Sarafu iliyozikwa huota kutu ya kijani, nayo huila shaba. Papasa hapa. Laini kama sabuni. Hizi zimeshikwa na mikono ya watu tangu zilipotengenezwa, miaka mia hivi. Tena si fedha. Hakuna aliyewahi kununua kitu kwa sarafu hizi."

"Sasa ni nini?"

"Za kitanda cha maharusi. Bibi harusi akiingia chumbani, wakubwa humwaga sarafu hizi kitandani, wakimwombea. Maandishi yanasema, 'Umri mrefu, mali na heshima.' Mama yako alipewa na mama yake, bila shaka."

Caiping aliokota moja, akaipapasa upya.

"Seti kamili mtu angekupa elfu tatu," Mama Qu aliendelea. "Yako haifiki elfu mbili, kwa sababu hii moja ni ya bandia. Imekatwa kwenye shaba ya kawaida, ikachongwa kwa tupa. Aliyefanya hivyo hakuwa fundi, lakini alikuwa na subira."

Nje ya soko, Caiping alikaa ukingoni mwa barabara, akalia hadi muuza mkate wa ufuta akamletea kikombe cha maji ya moto. Kisha akampigia kaka yake, akamweleza yote. Chunlai alisogea mbali kidogo na mashine za kiwandani zilizosikika nyuma yake.

"Ile ya kuchongwa," alisema. "Nilimkuta baba uani akisugua kwa tupa kipande cha shaba cha kitasa cha kabati. Nikamuuliza anatengeneza nini. Akasema, 'Mama yako amepoteza kitu chake, analia. Usimwambie.'"

"Mbona hukuwahi kunisimulia?"

"Nilidhani ni kitasa tu."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu walioutua mzigo. Chunlai aliuliza kama basi la kutoka stesheni ya treni bado linapita pale mjini kwao. Caiping akamwambia linapita, ila asije mikono mitupu, na asithubutu kulalamika kwamba supu ni kali.