Mfereji wa Mbotela Unaowatanguliza Wafiwa

Jua halijachomoza vizuri, na foleni ya mitungi mbele ya mfereji wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, tayari imepinda kona. Mutisya, mzee wa miaka sitini na ushei anayeusimamia mfereji huo, anafungulia maji, kisha papo hapo anayafunga tena.

Abdurahim, fundi viatu wa mtaa huo, amefika na mitungi minne na macho mekundu. "Mzee, mama ametutoka," anasema.

Mutisya anamshika mkono. "Pole sana, kijana wangu. Leta hiyo mitungi hapa mbele."

Msichana aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ananuna. Anaitwa Tiffany, na amehamia juzi tu kwenye magorofa mapya. "Lakini si mimi ndio nilikuwa wa kwanza? Nitachelewa job!"

"We ni mgeni hapa, ama?" anamjibu Lydiah, mwuza mboga aliye nyuma yake. "Kuna msiba. Tulia."

Tiffany anatulia. Marehemu atazikwa leo kabla ya adhuhuri, na hawezi kuzikwa bila kuoshwa.

Hiyo ndiyo desturi ya hapa. Penye kilio, foleni husimama hadi wafiwa wachote, nao hawalipi kitu. Kwa Waislamu ni maji ya kumwosha maiti. Kwa Wakristo ni ya kuwapikia wanaokuja matangani. Hakuna ajuaye nani aliianzisha. Mutisya aliikuta alipokabidhiwa ufunguo, karibu miaka ishirini iliyopita, na hajathubutu kuivunja.

Mfereji huo sasa una siku za kuhesabika. Mpango mpya wa maji wa eneo hili unataka ufungwe, maji yake yaelekezwe kwenye tangi la magorofa yanayochipuka kandokando ya Jogoo Road, na wakazi wawe wakichota kwa mashine ya kadi.

Mpango wenyewe si mbaya, na Mutisya ni wa kwanza kukiri. Bomba la zamani linavuja kila mahali, maji hutoka siku tatu tu kwa wiki, na watu wanazidi kuongezeka.

"Hata Tiffany lazima aoge," anasema akicheka. "Lakini mashine haijui kusema pole. Kadi ikiwa haina kitu, hupati maji, hata kama umefiwa."

Kinachouma zaidi ni kwamba wakazi waliulizwa. Shirleen, mhandisi kijana wa mpango huo, aliwaita katika ukumbi wa kanisa kule Makadara, akatandaza ramani mezani na kuwauliza ni maji gani yenye uzito katika mila zao, ili yalindwe.

Hapo ndipo Mbotela ilipojikwaa. Mkazi wa Nairobi ukimuuliza habari za mila, akili yake hupanda basi la mashambani. Kiarie, seremala, alisimama akataja chemchemi iliyo chini ya mkuyu huko Murang'a. Shitanda, mlinzi wa duka, akataja kijito cha Kakamega ambako vijana wa ukoo wao huoga kabla ya kutahiriwa. Mutisya naye, asije akaonekana mtu asiye na kwao, akataja kisima cha mchangani huko Kitui.

"Mwacha mila ni mtumwa!" Kiarie akapigilia msumari, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwenye ramani, Mbotela ikabaki tupu.

Mamake Abdurahim, aliyezaliwa na kuzeeka hapa, pengine angewasahihisha, lakini siku hiyo alikuwa mgonjwa kitandani.

"Niliwauliza mara mbili," anasema Shirleen, bila kiburi chochote. "Sikusikia mfereji ukitajwa. Siwezi kulinda kitu ambacho sijaambiwa."

Ni kweli, na ukweli huo unamtia Mutisya aibu. "Tulimzungusha yule binti nchi nzima," anasema, "na mfereji uko hapa mlangoni."

Kikao cha mwisho cha maoni ni wiki ijayo. Shirleen anasema wakazi wakiomba, mfereji mmoja wa ufunguo unaweza kuachwa kando ya mashine. Asipoomba mtu, mafundi wataanza kuchimba.

Mutisya anapanga kusimama wa kwanza na kusema, mbele ya wote, kwamba kwao ni Mbotela. Kwa mzee wa umri wake, hilo si neno jepesi. Habari zilipofika Kitui, kaka yake alimpigia simu kumuuliza kama ameshauza na kaburi lake.

"Nilimwambia mtanizika huko huko kwa baba, sina neno," anasema Mutisya, akiutazama msururu wa mitungi. "Lakini siku nikifa, watakaoacha foleni wakaja mlangoni kwangu ni hawa. Nikishindwa kusema hawa ni wetu, basi mimi ni mtu wa wapi?"