Ukipiga Mwano, Nani Atakuja?

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo hapa Kishapu, mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe alikuwa akiongea na mwanawe kwa video. Kijana amehamia Zanzibar peke yake, anaifanyia kazi kampuni ya ng'ambo kwa kompyuta.

“Geuza simu niwaone wenzako wa kazini.”

Tukaona kiti, kitanda na bahari.

“Wako mbali, mama. Tunaonana mtandaoni.”

“Na jirani anaitwa nani?”

Kijana akacheka. “Simjui.”

Mama akashusha sauti. “Ukizidiwa ukapiga mwano, nani atakuja?”

Huku kwetu yowe hilo la hatari likisikika, hata uliyegombana naye anakuja mbio.

“Toka ukabishe hodi, mwanangu. Nasubiri.”

Tukasikia hodi ya kwanza, ya pili, kisha bando la mama likaisha. Hakuomba kitu, lakini mimi na muuzaji tulikuwa tumeshatoa simu zetu.

Tulipompata tena kijana, mtandao wa kisiwani ulikuwa safi kabisa, hata kuku wa jirani tuliwasikia. Mlango tu ndio ulikuwa bado haujafunguliwa.