Mama Pindo na Baga za Kabatini

Jumamosi, tarehe 13 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, jua halikuonekana.

Siku hiyo Mama Pindo alifunika cherehani yake mapema, akawaambia mafundi wenzake watatu, "Twendeni. Leo nawalisha." Jina hilo alipewa kwa sababu ya sare za shule alizoshona: pindo likienda upande hata kidogo, alilifumua lote, liwe lake au la mwenzake. Mtu wa namna hiyo hasahau.

Wiki mbili nyuma, binti yake alifaulu mtihani, naye akampeleka kwenye mgahawa wa baga ulio ng'ambo ya barabara. Msimamizi wa kaunta ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi akafungua kabati la joto, akatoa baga mbili zilizokaa humo tangu asubuhi: mkate mkavu, saladi imenyauka, jibini limeganda kama nta. Mama Pindo akazirudisha kwa upole.

"Wifi, hizi zimelala."

"Basi ziamshe!" wifi akajibu, foleni nzima isikie. "Wewe na baga wapi na wapi? Kula, acha kuchagua."

Watu wakacheka. Binti akainamisha uso, akala. Baga ingesahaulika, lakini ule uso wa mtoto ulimkaa mama kooni kama mwiba.

Tangu hapo akawa anaingia pale kununua soda tu, macho yakiwa kaunta. Akagundua jambo. Anayetaka baga kama ilivyo hupewa ya kabatini. Anayetaka ipunguzwe kitu, hata kitunguu, hupikiwa upya, maana za kabatini zimeshafungwa. Akasikia pia kwamba Jumamosi mwenye mgahawa atakuja, na wifi anatarajia kupandishwa awe meneja. Mama Pindo akatulia. Kitambaa hupimwa kwanza, mkasi baadaye.

Basi wakaingia. Mwenye mgahawa alikuwa amesimama kando ya kaunta. Wifi alikuwa amelijaza kabati pomoni tangu asubuhi, ili huduma ionekane ya chapuchapu.

"Karibu, wifi yangu," akasema, meno yote nje.

"Ahsante, wifi. Yangu bila kitunguu."

"Mimi bila nyanya," akasema fundi wa pili.

"Yangu haradali kando."

"Na mimi bila tango, dada. Tumbo langu na tango haviongei."

Nyama ikaanza kuchuruzika mafuta kwenye bamba la kukaangia, harufu ikatembea. Mzee mmoja nyuma yao akanyoosha shingo. "Kumbe inawezekana? Hata mimi bila kitunguu!" Foleni yote ikaambukizwa. Mpishi akatiririka jasho, na kabati halikuguswa.

"Mbona humu kabatini mmejaa baga na watu wanasubiri?" mwenye mgahawa akauliza. Akachukua baga moja ya kabatini, akauma. Akatafuna, akapumzika, akatafuna tena, kisha akaitema kwenye karatasi.

"Hii ya lini?"

"Ya leo, bosi."

"Leo ya wiki gani?"

Foleni ikaangua kicheko, safari hii upande wa pili. Wifi akamgeukia Mama Pindo. "Umenichimbia shimo, wifi."

"Mimi? Nimekataa kitunguu tu."

Kabla ya jioni kabati lilikuwa limezimwa, umeneja amepewa mpishi, na wifi amekabidhiwa ndoo na kitambaa.

Nyumbani mume alikuwa amekwisha kupata habari. "Umemwaibisha dada yangu mbele za watu."

"Na yeye alipomwaibisha binti yako, ulimwambia nini?"

Mume akaomba apitishiwe chumvi.

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mama Pindo akamchukua binti yake, wakavuka barabara, akaagiza baga mbili kamili. Zikaja zinafuka moshi, mkate laini, jibini likichuruzika pembeni. Akachagua meza ya dirishani. Nje, wifi alikuwa akisugua kioo cha dirisha hilohilo.

"Mama, tuhamie meza nyingine," binti akanong'ona.

"Kula, mwanangu, zisipoe."

Akatafuna polepole, akitazama nje. Halafu akagonga kioo kwa kidole, akamwonyesha wifi yake doa alilolisahau.