Mwanahawa Alipokwenda Chuo

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha neno hata moja. Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana pale Kisarawe, mama mrefu mwenye sauti ya upole na macho makali, alinipa kigoda akanikalisha nyuma ya darasa la kwanza.

"Mwalimu Sikudhani," aliniambia, "leo kazi yako ni kuwatazama. Kesho utaniambia nani haoni ubaoni, nani hajala, na nani anaogopa. Ukishayajua hayo, utaanza kufundisha."

Nilikuwa mwalimu wa leseni. Ndivyo Serikali ya Kiingereza ilivyotuita sisi tuliofundisha bila kupitia chuo. Kila jioni tuliandika andalio, yaani maelezo ya somo la kesho: litaanzaje, litaendeleaje na litaishaje. Watoto waliandikia kwenye sileti, vibao vyeusi vya mawe, wakafuta kwa kitambaa chenye maji. Asiye na kitambaa alifuta kwa kiwiko, akirudi nyumbani mama yake anajua siku hiyo ameandika sana.

Darasa la pili lilikuwa la Mwanahawa, naye wa leseni kama mimi. Mumewe alifariki Mwanahawa akiwa mjamzito, akabaki na binti mmoja, Siwema. Mwanahawa alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu. Alikuwa akisoma hadithi darasani, mimi upande wa pili wa ukuta nasimamisha hesabu ili wanafunzi wangu nao wasikilize, kwa sababu nilijua hawanisikilizi mimi.

Tulikuwa na chama chetu, sisi walimu wanawake wachache wa Kisarawe na vijiji vya mpaka upande wa Kibaha. Tulikutana kwa Mwalimu Mkuu baada ya vipindi, tukisuka ukili huku tunazungumza. Mikeka ilikwenda sokoni Dar es Salaam, na tulilima shamba la mihogo kwa zamu. Tulichopata kilimsaidia mwenzetu aliyechaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Serikali ililipa masomo. Sisi tulishughulikia sanduku, shuka, viatu, nauli, na watu aliowaacha nyumbani. Tuliuita msaada huo skolashipu, neno tulilolipata kwa Bibi Mkaguzi, Mwingereza aliyezungukia shule za wasichana, nasi tukalipenda.

Mwaka mmoja Bibi Mkaguzi alileta habari kwamba chuo kimoja cha bara kina nafasi ya mwalimu mmoja kutoka kwetu, kwa miaka miwili. Chama kikamchagua Mwanahawa, na mimi nikawekwa wa pili, endapo yeye hataweza.

Mwanahawa aliweka chini ukili wake. "Nashukuru, dada zangu," alisema. "Lakini chuo hakiruhusu kwenda na mtoto, na Siwema ndiyo kwanza ameacha ziwa. Wakwe zangu ni wazee, wapo kijijini Marui, wao wenyewe wanalelewa. Mpeni Sikudhani."

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Nafasi ile nilikuwa nikiitamani tangu nilipoingia kazini. Nilikuwa nimekwisha kuwaza hata rangi ya sanduku. Lakini nilimtazama Mwanahawa, nikaona jinsi alivyokuwa akiangalia mikono yake mwenyewe, nikajisikia nasema, "Siwema atakaa kwangu."

"Umemuuliza mumeo?" Mwalimu Mkuu akaniuliza.

"Nitamuuliza leo."

Mume wangu, Bwana Shomari, alikuwa fundi cherehani. Tulikuwa tumeoana miaka mingi bila kujaliwa mtoto, na lilikuwa jambo tusilolizungumza. Nilipomweleza aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi.

"Itabidi nishone chandarua kikubwa zaidi," alisema.

Mwanahawa tulimsindikiza Pugu kupanda gari moshi. Alimbusu Siwema vidole kimoja kimoja, kama anavihesabu, kisha akanikabidhi mtoto, akapanda asigeuke nyuma. Baadaye alinieleza kwamba angegeuka asingekwenda.

Miezi ya mwanzo nilifundisha na Siwema mgongoni. Alipochangamka nilimtandikia mkeka pembeni mwa darasa. Siku moja Bibi Mkaguzi aliingia bila taarifa, nikiwa katikati ya silabi, ba be bi bo bu, na Siwema anazifuata kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilihisi leseni yangu inaondoka.

"Mwalimu," Bibi Mkaguzi aliuliza, "huyu ni mwanafunzi wa darasa gani?"

"Huyu ni mtoto wa mwalimu aliyekwenda chuo, Bibi."

Alikusanya gauni lake, akaketi mkekani, akampa Siwema funguo zake achezee. "Endelea na somo," alisema.

Siwema alijifunza kusema kwangu. Neno la kwanza lilikuwa "Baba", akimwita Shomari, na la pili likawa "Mama". Kila jioni nilimwambia, "Mama yako yupo chuo, atakuja." Naye aliitikia, "Atakuja," akilala juu ya kifua changu. Nilikuwa nasema kweli, na kila nilipoisema ilinichoma.

Miaka miwili ikaisha. Mwanahawa alirudi na cheti chake, amenenepa kidogo, anatembea kama mtu aliyezoea viatu. Siwema alijificha nyuma ya kanga yangu. Mwanahawa hakumvuta. Aliketi chini palepale uani, akanisalimia mimi na Shomari, akaanza kupeta mchele uliokuwa kwenye ungo.

Alikuwa amepangiwa kufungua darasa la wasichana Kibaha baada ya likizo. Usiku wa kwanza aliniambia, "Dada, sitamchukua akilia. Kama itabidi, nitamwacha kwako."

"Hutamwacha," nilimjibu. "Tutakaa wote hapa hadi akujue."

Ikawa hivyo. Asubuhi nilitoka mapema kwenda shambani ili Siwema akiamka amkute Mwanahawa na uji. Jioni Mwanahawa alimsomea hadithi, nami nikakaa jikoni. Kazi hiyo ilinishinda mara nyingi. Nilikuwa nikisikia kicheko chao nikakoroga ugali uliokwisha kuiva.

Mwisho wa likizo, Siwema alikuwa akikimbiza kuku uani akajikwaa kwenye kinu, akaumia goti. Alinyanyuka analia. Mimi nilikuwa mbele yake, nimekwisha kuinama, mikono nimeinyoosha. Akanipita. Akakimbilia kwa Mwanahawa aliyekuwa kizingitini, akamrukia shingoni.

Nilibaki nimeinama vile. Shomari alikuja akanishika bega, akasema taratibu, "Kazi imekwisha, mke wangu. Umeifanya vizuri." Hapo ndipo nilipolia, na Mwanahawa naye akalia, na mtoto akashangaa akasahau goti lake.

Walipohamia Kibaha nyumba yetu ilikuwa kimya sana. Chama hakikuniacha hivyo. Nafasi nyingine ilipopatikana waliniandika bila kuniuliza, na Mwanahawa akaja kuniambia mwenyewe. Nilipouliza nani atamtazama mume wangu, wenzangu walicheka, wakasema huyu angalau ameacha ziwa. Lakini walimtazama kweli. Kila likizo Siwema aliletwa Kisarawe kukaa na Baba yake wa cherehani, akimtungia uzi kwenye sindano kwa kuwa macho ya Shomari yalikuwa yameanza kuchoka.

Kutoka chuo nilipelekwa Marui kuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya makuti. Baadaye nilihamishiwa Kibaha, nikafundisha katika chumba kilicho kando ya kile cha Mwanahawa, na bado wanafunzi wangu walisikiliza hadithi zake kupitia ukutani. Hapo Kibaha ndipo nilipostaafu. Siwema sasa ana wajukuu. Shuleni alifundishwa kuniita Mwalimu, mjini watu walimfundisha kuniita Mama Mkubwa, lakini akiwa mgonjwa ananiita Mama tu.

Juzi walimu vijana watatu walikuja nyumbani. Wanataka kuanzisha chama cha kusomeshana, wakaniomba niwaeleze kanuni za chama chetu. Niliwaambia hatukuwa na kanuni nyingi. Kila tulipomchagua mwenzetu, jambo la kwanza tulimuuliza: ukiondoka, nani anabaki nyumbani? Halafu tulingoja mmoja wetu ajibu kwa niaba yake.

Wawili waliandika. Wa tatu, binti mwembamba mwenye mtoto mgongoni, hakuandika.

"Bibi," aliniuliza, "na kama wote wamenyamaza?"

Nilimwona anavyoangalia chini.

"Mfungue huyo mtoto unipe nimpakate," nilimwambia. "Kisha ukae, unieleze chuo chenyewe kiko wapi."